Siku ya Kutoka Isiyo na Mwenyewe: Sheria ya Magereza na Kurudi kwa Mfungwa Katika Jamii



Sheria zetu zinamjua sana mtu anapoingia gerezani. Hati ya kifungo inataja jina lake, kosa lake, mahakama iliyomhukumu na muda atakaokaa. Akifika mapokezi anaandikwa, anapekuliwa, afya yake inaangaliwa, na vitu alivyokuja navyo vinaorodheshwa kimoja kimoja: shati, mkanda, viatu, fedha kama anazo. Kila hatua ina afisa wake na daftari lake, na afisa asipotimiza wajibu huo ataulizwa na mkuu wa gereza.

Siku ya kutoka mambo ni mepesi. Vitu vinatolewa stoo, mwenyewe anatia saini au dole gumba, lango linafunguliwa. Kesho yake huwezi kwenda ofisi yoyote ya umma ukauliza, "Yule mtu jana amelala wapi?" ukapata wa kukujibu. Gereza litasema kazi yake imeisha, mahakama itasema jalada limefungwa, na mtaa utasema haukupewa taarifa.

Hoja yangu leo ni hii: siku ya kutoka haina mwenyewe, na sheria ndiyo yenye wajibu wa kuipatia mwenyewe. Tukiendelea kuiacha hivyo, kila shilingi tunayotumia kumrekebisha mtu ndani ya ukuta tunaitupa tukifika langoni.

Kifungo ni cha nini?

Tuanze na maandiko. Ibara ya 13(6)(d) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka heshima ya mtu itunzwe wakati wa upelelezi, wakati wa shauri la jinai, anapokuwa chini ya ulinzi, na pia katika utekelezaji wa adhabu. Kwa hiyo mtu akitiwa hatiani hapotezi utu wake. Anapoteza uhuru kwa muda uliotajwa, basi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, umekwenda mbele zaidi. Ibara yake ya 10 inasema lengo la msingi la kumweka mtu gerezani ni kumrekebisha na kumrudisha katika jamii.

Zipo pia Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015 kuboresha kanuni za zamani za mwaka 1955. Kanuni ya 4 inaeleza kwamba kifungo kinakusudia kuilinda jamii dhidi ya uhalifu na kupunguza kurudia makosa, na kwamba hayo hayapatikani mpaka muda wa kifungo utumike kumwandaa mtu aishi kwa kufuata sheria na kujitegemea atakapotoka. Kanuni ya 107 inataka maisha ya mfungwa baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku anayoanza kukitumikia. Kanuni ya 108 inataja mahitaji ya siku yenyewe ya kutoka: hati na vitambulisho, mahali pa kukaa, kazi, nguo zinazolingana na hali ya hewa, na uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Aliyeiandika kanuni hiyo alijua vizuri mtu anahitaji nini akisimama nje ya lango asubuhi.

Sheria yetu ya Magereza, Sura ya 58, ilitungwa mwaka 1967, miaka karibu hamsini kabla ya Kanuni za Mandela. Ni sheria ya kuendesha na kulinda: mamlaka ya maafisa, nidhamu ya askari, makosa ya wafungwa, kazi, ukaguzi. Ina asili yake. Magereza yetu yalitenganishwa na Polisi tarehe 25 Agosti 1931, zama za Mwingereza, na huduma ile ilijengwa kwa ajili ya ulinzi na nguvukazi. Tulipopata uhuru hatukubadilisha mtazamo huo mara moja. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliagiza, kwa makosa yaliyotajwa, viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Viboko hivyo viliondolewa mwaka 1972, lakini tafakarini maana yake. Kuna wakati sheria ilikumbuka siku ya kutoka, na ilichokuwa nacho cha kumpa mtu siku hiyo kilikuwa fimbo. Tumeiondoa fimbo ya siku hiyo, ila mahali pake hatujaweka kitu.

Njia za kutoka

Mtu aliyefungwa Tanzania anaweza kutoka kwa njia kadhaa, na kila njia ina kasoro yake kuhusu hoja yangu.

Ya kwanza ni punguzo la kawaida. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Magereza kinampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri punguzo la theluthi moja ya adhabu. Ni kifungu chema, kwa sababu kinamwambia mtu kwamba tabia yake ina uzito. Ila kinahesabu siku tu. Anayetoka kwa punguzo hana afisa wa kumfuatilia, hana masharti, hana msaada.

Ya pili ni parole, iliyoletwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Hapa mfungwa wa kifungo kirefu, akishatumikia theluthi moja na kuonyesha amebadilika, anaweza kumalizia adhabu yake uraiani chini ya uangalizi. Kuna bodi za mikoa na Bodi ya Taifa; marehemu Augustino Mrema, ambaye wengi mnamkumbuka kwa siasa zake, alikuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa kuanzia mwaka 2016. Kwa maoni yangu parole ndiyo njia iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, maana inamuuliza mtu kabla hajatoka: unakwenda wapi, nani atakupokea, utafanya kazi gani? Inakwenda hadi kijijini kusikiliza watu wanasemaje. Lakini sheria hiyo imewafungia nje waliofungwa maisha na waliotiwa hatiani kwa makosa mazito kama unyang'anyi wa kutumia silaha na dawa za kulevya.

Naelewa hofu iliyoleta katazo hilo. Lakini tazameni matokeo yake. Aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha hataishi gerezani milele. Atatoka, kwa punguzo au kwa kumaliza. Kwa kuwa parole haimhusu, atatoka bila uangalizi wowote. Tumewanyima uangalizi wale wale tunaowaogopa zaidi. Kama lengo ni usalama wa raia, tumelipindua.

Ya tatu ni msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutolewa Siku ya Uhuru au ya Muungano. Tarehe 9 Desemba 2019 pekee wafungwa 5,533 walisamehewa. Msamaha ni jambo la huruma, na unasaidia kupunguza msongamano. Magereza yetu yamekaa miaka mingi na nafasi rasmi zisizofika 30,000 huku waliomo wakizidi idadi hiyo, na karibu nusu yao wakiwa ni mahabusu ambao kesi zao bado hazijaamuliwa. Hata hivyo, maelfu wakitoka kwa siku moja, kwa tangazo la siku hiyo hiyo, maandalizi yatafanyika saa ngapi? Anayepokea furaha ya sikukuu redioni ni taifa. Anayempokea mtu ni mama mmoja aliyezoea kupika chungu kidogo.

Na njia ya nne ni kumaliza kifungo chote, siku hadi siku, ambayo haina maandalizi ya lazima pia.

Aliyeingia mwaka 2004

Tumtazame mtu wa mfano. Ana miaka 22, kwao Kigoma, amekamatwa Dar es Salaam, amehukumiwa miaka 30 mwaka 2004. Theluthi ikiondolewa inabaki 20. Anatoka gereza la Ukonga mwaka 2024 akiwa na miaka 42.

Anachojua yeye kuhusu safari ya kwenda kwao ni kwamba mabasi ya mikoani yanapatikana Ubungo. Anafika Ubungo anakuta barabara za juu. Kituo cha mabasi kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Anauliza, anaelekezwa, anatazamwa. Fedha alizoziacha stoo, kama zilikuwapo, ni noti za sura ya zamani, maana noti mpya zilitolewa mwaka 2011.

Anataka kumpigia dada yake. Hana simu, na hata akipewa ya mkononi iliyochakaa, hana laini. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kitambulisho cha taifa chenyewe kilizinduliwa mwaka 2013, yeye akiwa ndani. Kukipata anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine, pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hamjui. Aliyemjua alishafariki. Bila laini hana akaunti ya simu, na siku hizi kibarua analipwa kwa simu, bodaboda analipwa kwa simu, hata michango ya msiba inatumwa kwa simu. Huduma hizo zilianza Tanzania mwaka 2008.

Mtu huyu serikali ilikuwa na alama za vidole vyake miaka 20. Ilijua alipo kila usiku, ilimhesabu asubuhi na jioni. Hakuna Mtanzania aliyekuwa rahisi kumwandikisha kuliko yeye. Ikiwa anatoka bila kitambulisho, sababu ni moja: hakuna aliyeambiwa na sheria kwamba hiyo ni kazi yake. Na mtu asiyekuwa na kitambulisho, asiyekuwa na nauli wala simu, katika jiji lenye watu wanaokumbuka ujuzi wake wa zamani, atapata mwenyeji mapema sana. Wenzake wa zamani hawaulizi barua ya mtaa.

Kazi na mkono mtupu

Mara nyingi tunasikia kwamba magereza yanafundisha kazi. Ni kweli, na tuwape haki yao. Samani za Ukonga zimo katika ofisi nyingi za serikali, viatu vya Karanga Moshi vinajulikana, na vijana wa gereza la Wami na wafungwa wa magereza ya kilimo wanalima ekari kwa ekari. Katika gereza la Ruanda, Mbeya, kuna mafunzo ya ufundi yanayomwezesha mfungwa kufanya mtihani na kupata cheti. Mtu anaweza kuingia hajui kushika randa akatoka fundi seremala hodari.

Tatizo liko kwingine. Fundi huyo ametengeneza meza kwa miaka 10, meza zimeuzwa, naye anatoka hana hata randa moja. Wahenga walishasema: mkono mtupu haulambwi. Katiba yetu, ibara ya 25, inaruhusu mfungwa afanyishwe kazi kama sehemu ya adhabu, nami sipingani nayo. Lakini Kanuni ya 103 ya Mandela inapendekeza malipo ya haki kwa kazi ya mfungwa: sehemu aitumie, sehemu atume kwao, na sehemu iwekwe akiba apewe siku ya kutoka. Kama utaratibu huo ungekuwa na nguvu ya kisheria, seremala wetu angetoka na randa, msumeno na kodi ya miezi mitatu ya kibanda. Hiyo si zawadi kwa mhalifu. Ni kinga kwa mwenye nyumba ambayo ingevunjwa.

Kuna pia jambo dogo ambalo halihitaji hata senti: cheti kisiandikwe jina la gereza. Mtihani ni ule ule wa ufundi, mtahini ni yule yule. Kutaja gereza kwenye cheti ni kumfundisha mtu ufundi kwa mkono mmoja na kumnyima kazi kwa mkono wa pili.

Uganda imetupa mfano wa elimu inayofika mbali. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Yeye na wenzake zaidi ya 400 walifungua shauri lililofika Mahakama ya Juu mwaka 2009 na kuondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika nchi yao, na akiwa gerezani Luzira alisoma pia sheria kupitia University of London. Kesi yake iliporudi, adhabu ikawa miaka 20, na mwanzoni mwa 2016 akatoka. Katika maisha yake ninachokiona ni zaidi ya ushindi wa mahakamani. Naona kwamba gereza lilifungua dirisha la elimu kwa mtu ambaye karatasi zilisema atakufa.

Nasi Waswahili tunao mfano wetu. Mshairi Abdilatif Abdalla alitiwa hatiani Kenya mwaka 1969 kwa maandishi ya kisiasa akafungwa miaka mitatu, na humo akatunga mashairi yaliyochapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kosa lake lilikuwa la kusema, na silifananishi na wizi. Nalitaja kwa sababu ya kilichofuata: alipotoka mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikampa kazi. Kuna ofisi ilikuwa tayari kumpokea. Lugha yetu imevuna kwake kwa miongo. Ni wangapi wenye vipaji vidogo, vya kuchomelea au kushona, ambao hakuna ofisi iliyowasubiri?

Hukumu isiyo na mwisho

Hakimu anaposoma adhabu anataja miaka. Hasemi "na baada ya hapo usiajiriwe mpaka ufe." Lakini ndivyo inavyokuwa. Fomu ya kazi ina swali: umewahi kutiwa hatiani? Kazi nyingi zinadai cheti cha tabia njema kutoka Polisi, ambacho hutolewa baada ya kupekua alama za vidole. Swali hilo halina ukomo wa muda. Aliyeiba kuku akiwa na miaka 19 anaulizwa swali lile lile akiwa na miaka 50 na wajukuu.

Sasa someni ibara ya 67 ya Katiba, inayohusu sifa za kuwa mbunge. Inamwengua aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la kukosa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Yaani katika kifungu hicho waandishi wa Katiba waliona hukumu inaweza kuwekewa kipimo cha muda, hata kwa kazi ya kutunga sheria za nchi. Ikiwa mtunga sheria anaweza kupimwa kwa miaka, kwa nini mlinzi wa ghala, dereva wa lori na mpishi wa hoteli wapimwe kwa umri wao wote?

Wenzetu wamelitafutia jibu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 ambayo chini yake hukumu zisizo kubwa sana, baada ya miaka kadhaa bila kosa jipya, huhesabiwa zimekwisha, na mtu hana wajibu wa kuzitaja kwa mwajiri wa kawaida. Kazi nyeti, kama za kulea watoto, zimebaki nje ya unafuu huo. Afrika Kusini inaruhusu aliyetimiza miaka 10 tangu hukumu, kwa makosa ya kiwango fulani, aombe kumbukumbu yake ifutwe. Sisi tunaweza kutunga ya kwetu kwa kupima aina ya kosa, urefu wa adhabu na aina ya kazi. Aliyewadhuru watoto asifundishe shule kamwe. Hapo sina mjadala. Lakini aliyepigana baa akiwa kijana aruhusiwe kuendesha lori.

Mahakama zimeanza kuonyesha njia kwa upande wa uraia. Kenya iliwafungulia wafungwa mlango wa kura katika kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010. Hapa kwetu, Desemba 2022, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowanyima kura waliohukumiwa vifungo vya zaidi ya miezi sita. Mantiki ya maamuzi hayo ni kwamba mfungwa bado ni raia. Kama ni raia akiwa ndani, haiwezekani awe nusu raia akishatoka.

Waliokosewa na wanaopokea

Nikizungumza hivi kuna watu hapa wanajiuliza: na sisi tulioibiwa, tuliopigwa, tuliofiwa? Swali hilo ni la haki, na mpango wowote wa kumrudisha mfungwa usiolijibu utakataliwa na jamii, na itakuwa sahihi kuukataa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama aliyevunjiwa duka hawezi kuambiwa na semina kwamba asiogope.

Sheria zetu zinairuhusu mahakama kuamuru fidia kwa aliyekosewa, lakini ni mara chache fidia hiyo inakuwa sehemu ya maisha ya mfungwa kwa miaka yake yote ndani. Ile akiba ya kazi niliyoitaja ingeweza kugawanywa: fungu lake, fungu la watoto wake, fungu la aliyekosewa. Na kabla hajatoka, aliyekosewa ana haki ya kujua tarehe, kusema hofu yake, na kuweka sharti kama lina msingi. Atakayemwona mtu huyo sokoni ghafla, bila kuambiwa, amekosewa mara ya pili, na safari hii mkosaji ni serikali.

Rwanda ilikabili jambo hili kwa uzito ambao nchi nyingine hazijaujua. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilisikiliza karibu mashauri milioni 2, na wengi waliokiri makosa waliruhusiwa kutumikia sehemu ya adhabu kwa kazi za umma: kuchonga matuta ya mashamba, kujenga barabara na nyumba. Mfumo ule ulikuwa na lawama zake, na majeraha hayajapona yote. Lakini ulikubali ukweli mmoja ambao sisi tunauepuka: waliokosa watarudi kukaa kilima kile kile na waliokosewa, kwa hiyo kurudi kwao kupangwe mbele ya macho ya watu.

Wa kwanza kumpokea mfungwa ni ndugu zake, na undugu huo unahifadhiwa au unavunjwa siku za kutembelewa. Nimewahi kukaa kwenye benchi la wageni nje ya gereza moja la mkoani, Jumapili. Pembeni yangu mama mtu mzima alikuwa na mfuko wa sabuni, mswaki na picha ya mtoto wa darasa la pili. Alisafiri usiku kucha. Zamu yake ilipofika alipewa dakika chache, nyuma ya wavu, watu kumi wakizungumza kwa mpigo, kila mmoja akipaza sauti kuliko mwenzake. Aliinua picha juu ili mwanawe aione. Alipotoka aliniambia, "Nilikuja kumuuliza mtoto asomeshwe wapi, sijasikia alichojibu." Kanuni ya 59 ya Mandela inataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Uhamisho wa mtu kutoka Kagera kwenda Lindi unaweza kuonekana ni suala la nafasi tu, lakini kwa familia maskini huo ni mwisho wa kuonana. Ukimpoteza mama yule njiani, siku ya kutoka umepoteza nyumba, mlo wa kwanza na mdhamini kwa pamoja.

Wasiopaswa kuingia

Nipite haraka hapa, kwa kuwa jibu tunalo tayari. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inampa hakimu uwezo wa kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 1998. Kifungo cha miezi sita hakifundishi ufundi wowote, ila kinatosha kumfanya mtu apoteze kibarua, chumba alichopanga na wakati mwingine ndoa. Mtu wa kumrudisha kwa urahisi kuliko wote ni yule ambaye hakuondolewa. Waheshimiwa mahakimu, sheria hiyo ni ya kwenu, itumieni.

Tufanye nini

Mwaka 2023 Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais. Mjadala uko wazi, na marekebisho ya Sheria ya Magereza hayapaswi kuishia katika majina, sare na vyeo.

Ninapendekeza sheria iseme wazi kwamba kila mfungwa wa zaidi ya mwaka mmoja afunguliwe mpango wa kutoka ndani ya mwezi wa kwanza wa kifungo, wenye jina la afisa anayewajibika. Miezi sita kabla ya tarehe ya kutoka, afisa huyo awe na wajibu wa kuthibitisha kitambulisho, makazi, mawasiliano na ndugu, taarifa kwa aliyekosewa na taarifa kwa serikali ya mtaa. Mwaka wa kwanza nje, wajibu huo uhamie kwa Huduma za Uangalizi, zinazowasimamia wakosaji walio nje ya gereza. Kenya imeshalikubali wazo hilo: huduma yake ya uangalizi imepewa pia kazi ya kuwafuatilia watu baada ya kifungo. Uangalizi upanuliwe hasa kwa waliofungwa miaka mingi, badala ya kuwaacha hao wakitoka peke yao. Akiba ya kazi iwekwe kisheria. Na Bunge litunge sheria ya ukomo wa kumbukumbu ya hukumu.

Hayo yatachukua muda. Yapo ya kufanya kesho. Mkuu wa gereza anaweza kuwaalika maafisa wa vitambulisho vya taifa waandikishe wafungwa waliobakiza mwaka mmoja. Chuo cha ufundi kinaweza kuondoa jina la gereza kwenye cheti. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuitwa kwa simu wiki mbili kabla, akamwambia mjumbe wake, akampokea mtu kwa jina lake na kumwandikia barua ya utambulisho siku hiyo hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja kura ya mbunge.

Na kwenu wanafunzi wa sheria, mtakaokuwa mahakimu na mawakili: mnapoomba au kutoa adhabu, hesabuni tarehe ya kutoka mbele ya mahakama, muitamke, na muulize nani atakuwa na kazi gani siku hiyo. Swali hilo likiulizwa kila siku katika kila mahakama ya wilaya, Bunge halitaweza kulikwepa muda mrefu.